Besiboli: Namna Chicago Cubs walimaliza miaka 108 ya kungojea kombe

Wakati Chicago Cubs walichukua ubingwa wa besiboli wa Marekani katika mwezi wa kumi 1908, Congo ilikuwa ingali mali ya mfalme Léopold II. Ni mwezi uliofuata ndipo ilipitishwa mikononi mwa Ubelgiji. Wakoloni walikaa, wakaenda, vita kuu mbili zikapita, na Cubs hawakugusa kombe tena mpaka usiku wa tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2016, katika mji wa Cleveland.

Huko Chicago lawama ilikuwa ya mbuzi. Mwaka wa 1945, William Sianis, mwenye baa moja ya mjini, alikuja na mbuzi wake kuangalia fainali kwenye uwanja wa Wrigley Field. Mnyama akakataliwa, inasemekana juu ya harufu yake, na mwenyewe akailaani ekipe. Cubs walipoteza fainali ile na wakakaa miaka 71 bila kufika ingine. Lakini tuseme ukweli: mara nyingi ekipe ilikuwa mbaya tu. Mwaka wa 2012 peke yake ilipoteza mechi 101.

Wakati huo kazi ya kuijenga upya ilikuwa mikononi mwa Theo Epstein, kiongozi aliyekuwa Boston Red Sox wakati walimaliza miaka 86 bila kombe, mwaka wa 2004. Alikubali kupoteza kwanza, huku akikusanya vijana kama Anthony Rizzo na Kris Bryant. Mwaka wa 2016 walishinda mechi 103.

Katika fainali, bingwa ni yule anayeshinda mechi nne. Cleveland walikuwa mbele tatu kwa moja. Cubs wakashinda mbili, ikabaki ya saba, ya kukata maneno. Katika awamu ya nane walikuwa mbele 6-3, na ilibaki kuwatoa wapigaji wanne tu. Cleveland wakapata pointi moja, kisha Rajai Davis akapiga mpira ukavuka ukuta: 6-6. Ni shabiki gani wa Chicago hakumkumbuka mbuzi?

Kisha, baada ya awamu ya tisa, mvua ikasimamisha mechi kwa dakika 17. Jason Heyward, ambaye msimu wote alikuwa anapiga vibaya, akawaita wenzake katika chumba cha mazoezi na kuwakumbusha kwamba wao ndio wenye nguvu. Waliporudi uwanjani, Ben Zobrist akaleta pointi ya saba, Miguel Montero ya nane. Cleveland wakarudisha moja tu. Bryant akaokota mpira wa mwisho, akamtupia Rizzo, na ikaisha 8-7.

Siku zile, watu walikuja Wrigley Field na chaki, wakaandika kwenye kuta za matofali majina ya baba, mama na babu zao waliokufa wakingali wanangojea. Mwanaume mmoja alitoka North Carolina na gari mpaka Indiana, akasikiliza mechi ya saba akikaa kwenye kaburi la baba yake. Wawili hao walikuwa wameahidiana kwamba Cubs wakifika fainali, wataifuata pamoja.

Tangu usiku ule, wanaohesabu miaka ni watu wa Cleveland. Kombe lao la mwisho ni la 1948.