Taa ya Nyumba ya Samaki

Mji wa Bunia uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini sana, ndani ya Bonde la Ufa, na samaki wa Tchomia na Kasenyi hupandishwa mlimani kuja kuuzwa sokoni. Lakini samaki hao wamekwisha kufa. Wengine wametiwa chumvi, wengine wamekaushwa kwa moshi. Mtoto wa Bunia anayetaka kumwona samaki akiogelea na kula, hana budi kumjengea nyumba ya kioo.

Kujenga si kazi kubwa. Vioo vitano vilivyounganishwa kwa gundi isiyopitisha maji, mchanga uliooshwa vizuri, mimea michache ya majini, samaki wanne au watano wa kijitoni wasiozidi kidole: basi, nyumba imekwisha. Shida huanza na mwanga.

Watu wengi huiweka nyumba hiyo dirishani, jua liiangaze. Siku za kwanza hupendeza sana. Juma la pili maji yanaanza kuwa kijani kama mchuzi wa sombe, na vioo vinateleza. Adhuhuri samaki wanapanda juu, wanafungua na kufunga vinywa. Mtoto hudhani wana njaa, naye huwatupia chakula kingine. Kumbe hawana njaa, wanakosa pumzi! Jua limeyapasha maji moto, na maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Chakula kilichobaki kinaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa iliyosalia. Kesho yake asubuhi samaki wanaelea, matumbo juu.

Je, afadhali kuwaweka gizani, pembeni mwa chumba? Hapana. Mimea itanyauka na kuoza, nayo ni msaada mkubwa kwa samaki. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1779 na Jan Ingenhousz, daktari Mkatoliki aliyezaliwa mjini Breda, Uholanzi. Alitia majani ndani ya maji, akayaweka juani. Mapovu madogo yakatoka kwenye majani. Alipoyaweka gizani, mapovu yakakoma. Mapovu hayo ni ile hewa tunayoihitaji sote katika kupumua, iitwayo oksijeni. Mchana mimea huitoa kwa nguvu ya mwanga. Usiku haiitoi tena, bali nayo huitumia kama samaki. Ndiyo sababu maji ya kijani ni ya hatari hasa kabla ya mapambazuko: vijimea vingi mno vya kijani vimepumua usiku kucha, na hewa imekwisha.

Basi mwanga unatakiwa, lakini kwa kipimo. Jua halipimiki, taa hupimika. Nyumba ya samaki na ikae mbali na dirisha, na juu yake iwekwe taa.

Taa gani? Kibatari hakifai hata kidogo: mwanga wake ni hafifu, na moshi wake huchafua maji. Ampuli ya zamani, ile yenye uzi mwembamba unaowaka ndani, hutoa joto jingi kuliko mwanga. Chombo kikiwa kidogo, maji yatapata moto tena kama dirishani. Taa za LED ndizo bora. Hazitoi joto jingi, nazo hutumia umeme kidogo. Ampuli ya zamani ya wati 50 hivi hushindwa na taa ya LED ya wati 6 au 7. Nyumbani ambapo umeme hutoka kwenye betri ya jua, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kwenye kasha la taa huandikwa lumeni, yaani wingi wa mwanga. Kwa mimea ya kawaida, lumeni 15 kwa kila lita zinatosha. Chombo cha lita 40 kinataka taa ya lumeni 600. Huandikwa pia namba yenye herufi K, ambayo huonyesha rangi ya mwanga. Namba 6,500 ni mweupe kama mchana, nao huifaa mimea. Taa za buluu na zambarau hupendeza macho ya wageni.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha taa ikiwaka usiku kucha. Samaki hawa hawana kope za kufumba macho. Hapa karibu na ikweta, kijitoni kwao, mchana na usiku hulingana mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika chache tu. Taa iwake saa 8 kwa siku, kisha izimwe. Maji yakianza kuwa kijani, zipunguzwe ziwe 6. Tena isiwashwe ghafula chumba kikiwa na giza, maana samaki hushtuka na kujigonga kwenye kioo. Kwanza lifunguliwe dirisha, baadaye iwashwe taa.

Maji na umeme ni maadui. Taa ikae juu ya kifuniko cha kioo, isije ikaanguka ndani. Waya wake ushuke chini kuliko prizi, kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisifuate waya mpaka ndani ya prizi. Kabla ya kutia mkono majini, mtoto huchomoa waya kwanza.

Usiku, taa ikiisha kuzimwa, anayepita polepole na kuchungulia atawaona samaki wametulia karibu na mchanga. Rangi zao zimefifia kidogo, na mapezi yanacheza polepole sana. Wamelala.