Kushindwa Ni Adhabu ya Mungu? Kweli na Uongo Kuhusu Mafanikio ya Mkristo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Jumapili inayofuata makanisa mengi hujaa shukrani. Waliofaulu huitwa mbele, wazazi hupiga vigelegele, mchungaji huwawekea mikono. Aliyepata sifuri amebaki nyumbani. Hakuna aliyemzuia mlangoni, ila ameshasikia mahubiri ya kutosha kujua watu watamtazama vipi. Mengi ya tunayoyasema juu ya kufaulu na kufeli tumeyarudia mpaka yanasikika kama Maandiko. Inafaa tuyapime moja moja.

Aliyeanguka, mahali fulani amemkosea Mungu. SI KWELI.

Hayo ndiyo waliyomwambia Ayubu rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari, sura baada ya sura, kwa ufasaha mkubwa. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na msamaha wao unapitia katika maombi ya yuleyule waliyemhukumu. Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona kipofu wa kuzaliwa, waliuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Na watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema, hawakuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Hata hivyo, kuna kushindwa kwenye chanzo kinachoonekana kwa macho. Mwanafunzi hakusoma. Mfanyabiashara alikopa kwa riba asiyoiweza, au alimkabidhi duka ndugu asiye mwaminifu. Mithali haioni haya kumsema mvivu. Lakini dawa ya mambo hayo ni kujirekebisha. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amefungwa na laana ya ukoo, na kwamba mkesha mmoja utamfungua, ni kumnyima nafasi ya kujifunza.

Yeremia 29:11 inaahidi kwamba mambo yatanyooka karibuni. SI KWELI.

Mstari huu tunauandika kwenye kadi za mahafali na kuubandika kwenye kuta za sebule, nami naupenda. Ila umetoka katika barua, na barua ina wapokeaji: mateka waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli. Mstari unaotangulia unawaambia watakaa huko miaka 70. Maana yake wengi waliosomewa barua ile wangezikwa ugenini. Mungu aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee heri mji uleule uliowateka.

Sura moja nyuma yumo nabii Hanania, aliyewatangazia watu kwamba nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka miwili. Naamini ujumbe wake ulipokewa kwa amina nyingi kuliko wa Yeremia. Ulikuwa wa uongo. Tumaini la Yeremia lilikuwa la kweli kwa sababu lilimruhusu mtu kuishi, kufanya kazi na kupenda akiwa bado hajatoka kwenye shida yake.

Mkristo anaweza kila kitu katika Kristo anayemtia nguvu, kwa hiyo hawezi kushindwa. SI KWELI.

Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni. Mstari wa kabla yake unataja njaa na shibe, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anachosema anakiweza ni kubaki mtu wa Kristo katika hali zote mbili.

Ukipanda mbegu kwa sadaka, utavuna. NUSU KWELI.

Mfano wa mpanzi na mavuno umo katika Wakorintho wa Pili, sura ya 9. Wanaoutumia kuwaambia wajane watoe pesa ya kodi ya nyumba waisome pia sura ya 8. Mchango anaouzungumzia Paulo pale ulikuwa kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu. Wamakedonia waliotangulia kuchangia walikuwa wenyewe katika umaskini mkubwa, na Paulo hasemi popote kwamba waliamka matajiri. Tena aliweka watu walioaminiwa na makanisa wasafiri na fedha hizo, asije mtu akamlaumu. Mtumishi anayenukuu mavuno na kuficha hesabu ameuacha upande wa Paulo.

Mkristo wa kweli hafuati mafanikio. SI KWELI.

Lidia aliuza nguo za zambarau, bidhaa ya watu wenye uwezo, na nyumba yake ikawapokea Paulo na wenzake kule Filipi. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na Yesu akazikwa katika kaburi lake. Tajiri ambaye, katika mfano wa Yesu, Mungu anamwita mpumbavu hakukosea kuvuna. Alikosea kwa kuwa ghala zake zilipojaa alizungumza na nafsi yake tu, hakumkumbuka mwingine yeyote.

Kila kushindwa kuna maana. KWELI, lakini usikimbilie kuitaja.

Imani ya Kikristo inasimama juu ya msalaba, ambao siku ya Ijumaa ulionekana kushindwa kabisa. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walizungumza juu ya tumaini lao kama jambo lililokwisha, na aliyekuwa akitembea nao ni Bwana mwenyewe. Kwa hiyo Mkristo ana haki ya kuamini kwamba Mungu yumo hata pale mambo yalipoharibika. Hana haki ya kumtangazia mwenzake sababu. Ayubu hakuambiwa sababu hata mwishoni mwa kitabu. Na rafiki zake walimfaa zaidi katika zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno.

Kazi isiyoonyesha matunda imeshindwa. SI KWELI.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Ethiopia. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, aliungana naye mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai. Mtu wao wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema mgonjwa ambaye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Krapf akaondoka mwaka 1853, afya ikiwa imevunjika. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akarudi kwao akiwa karibu kipofu. Kwa hesabu ya waumini, hakuna mkutano wa leo ambao ungewaita watoe ushuhuda.

Lakini Krapf, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili wiki chache kabla ya kumzika mkewe. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Rabai nayo ikaja kuwa kimbilio la watumwa waliotoroka.

Nisingethubutu kusema Rosine na bintiye walikufa ili kamusi ipatikane. Hakuna aliyetumwa kusema hivyo. Krapf mwenyewe hakulisoma kaburi lile kama amri ya kuondoka. Aliwaandikia waliomtuma kwamba ni ishara kuwa kazi imeanza pwani hii, akabaki miaka tisa mingine.