VINOO VYA WEMBE: UBORA WA JIWE NA HATARI YA VUMBI LAKE



Wembe wa kukunja, ule wenye mpini, hautupwi makali yakiisha. Hunolewa, na ukitunzwa vizuri humfaa mtu kwa miaka mingi. Vinoo vya asili vinavyosifiwa sana kwa kazi hiyo hutoka katika nchi nne: Ubelgiji, Ujerumani, Marekani na Japani. Katika makala hii tutavilinganisha, kisha tutaeleza jambo ambalo muuzaji hulitaja mara chache, nalo ni afya ya mfanyakazi anayelichimba na kulikata jiwe.

Kwanza tujue jinsi jiwe linavyonoa. Kinoo ni chembe ngumu nyingi zilizoshikamana, na kila chembe hukwangua chuma kidogo sana. Chembe kubwa hula chuma upesi na kuacha mikwaruzo mirefu. Chembe ndogo hula polepole na kuacha makali laini yasiyochoma ngozi. Ndiyo maana kinoo cha panga hakifai kwa wembe. Chembe hizo hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

UBELGIJI. Katika milima ya Ardennes, karibu na Vielsalm na Lierneux, hutoka jiwe la rangi ya manjano liitwalo kotikule. Chembe zake zinazonoa ni vito vidogo vya ganeti, vya mikroni 5 hadi 20 hivi. Ingawa si vidogo sana, umbo lake linakaribia mviringo, kwa hiyo mikwaruzo yake haiendi ndani. Tabaka la jiwe hili ni jembamba na huvunjika kwa urahisi, basi mara nyingi hugandishwa juu ya bamba la jiwe jingine. Hutumiwa kwa maji. Likisuguliwa kwa kijiwe kidogo hutoa tope, na tope zito hunoa haraka. Ukiongeza maji kidogo kidogo, kasi hupungua na makali hulainika. Jiwe moja hufanya kazi mbili.

UJERUMANI. Upande wa Sonneberg na Steinach, katika jimbo la Thuringia, yalichimbwa mawe ya jamii ya yale yaliyotengenezewa vibao vya kuandikia shuleni. Yako ya kijani, ya manjano na ya buluu. Nayo hutumiwa kwa maji. Hunoa polepole na yanafaa zaidi katika hatua ya mwisho, wembe ukiwa umekwisha kupata makali.

MAREKANI. Katika jimbo la Arkansas, karibu na mji wa Hot Springs, hutoka jiwe liitwalo novakulaiti. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya wembe. Mtaalamu wa miamba Leon Griswold aliliandikia kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1892. Karibu jiwe lote, zaidi ya asilimia 99, ni silika. Kwa desturi hutumiwa kwa mafuta. Lile lisiloshikamana sana hunolea visu, na lile lililoshikamana sana hunolea nyembe. Haliliki upesi, kwa hiyo uso wake hubaki tambarare muda mrefu, lakini linataka subira.

JAPANI. Katika vilima vya magharibi mwa mji wa Kyoto, mahali kama Nakayama, yalichimbwa mawe yaliyotokana na mashapo ya chini ya bahari ya kale. Husuguliwa kwa vijiwe laini viitwavyo nagura ili yatoe tope. Chembe zake ni ndogo mno, na mafundi wengi huyaweka mbele ya yote kwa makali ya mwisho. Bei yake nayo ni kubwa.

Hivyo, mwenye kutaka jiwe moja la kazi zote achague kotikule. Mwenye kutaka jiwe lisiloisha achague la Arkansas. Mawe ya Thuringia na Kyoto ni ya kumalizia.

Sasa tuje kwenye vumbi. Mawe yote manne yana silika ndani yake, mengine kidogo, mengine karibu yote. Vumbi la silika lenye chembe zisizozidi mikroni 5 hivi halionekani kwa macho, nalo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko huacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humfanya ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi.

Mji wa Sheffield, Uingereza, uliojulikana kwa visu na nyembe, ulilijua jambo hili mapema. Mwaka 1845 Friedrich Engels aliandika kwamba wastani wa maisha ya wasagaji wa chuma waliotumia jiwe kavu haukufika sana miaka 35, na wa waliotumia jiwe lenye maji ulizidi miaka 45 kwa nadra. Hata maji hayakutosha, lakini tofauti ilikuwa miaka kumi ya uhai wa mtu.

Mwaka 1934 Shirika la Kazi Duniani liliiingiza silikosisi katika mkataba wa magonjwa ya kazini yanayostahili fidia. Mkataba wake wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2016 Marekani ilipunguza kiwango cha vumbi hilo kinachoruhusiwa hadi mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa zamu ya saa 8.

Kwa hiyo anayekata mawe, awe kwenye machimbo ya vinoo, ya kokoto au ya marumaru, ana haki ya kudai msumeno wenye maji, mashine ya kuvuta vumbi, na picha ya kifua kila baada ya muda. Barakoa ni nyongeza tu, haishiki nafasi ya hayo.

Nawe unayenoa nyumbani, unaposawazisha kinoo chako usikisugue kikavu kamwe. Kiloweshe kwanza, na ukimaliza osha tope kabla halijakauka.