Gego la Miaka Sita

Mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno yake ya utotoni huchomoza gego jipya. Halikung'oa jino lolote, basi wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, litang'oka lenyewe. Haling'oki. Ndilo gego la kwanza la ukubwani, na ndilo linalowahi kutoboka.

Linapopanda, kwa mwaka au zaidi huwa fupi kuliko wenzake, mswaki ukalipita juu juu. Uso wake una mifereji myembamba, na humo ndimo hunata mabuyu ya rangi yanayouzwa langoni mwa shule. Bakteria hula sukari ya mabuyu hayo na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Mate huyarudisha, lakini polepole. Mtoto anayemung'unya mabuyu tangu mapumziko ya saa nne hadi chuo cha Kurani alasiri hayapi mate nafasi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 23.9 ya watoto wa Kenya waliopimwa. Kwa mji kama Takaungu, pwani ya Kenya, shule ndiyo mahali pa kuanzia: watoto wa umri huu wako darasa moja, siku tano kwa wiki.

Kuna kinga mbili. Ya kwanza ni kupiga mswaki kila siku mbele ya mwalimu, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mbaazi. Mtoto ateme, asisukutue, floraidi ibaki kinywani.

Ya pili ni kuziba mifereji. Mhudumu wa meno hukausha gego kwa pamba, hupaka saruji ya meno, kisha huikandamiza kwa kidole. Hahitaji umeme wala mashine. Ni sehemu ya njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Gego lililokwisha kutoboka laweza kupakwa dawa ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha kuoza, ila huacha weusi palipooza. Mzazi aelezwe kabla.

Ziara ya siku moja ya kugawa miswaki haitoshi. Kamati ya shule inaweza kuanza na gredi ya kwanza, dakika mbili za mswaki baada ya uji. Mhudumu wa kuziba magego aitwe kila mwaka, kwa sababu kila mwaka darasa hilo hupokea magego mapya.