Ruta ya kabatini bado ina kazi Bariadi

Kuflashi si jambo geni kwa mafundi simu wa Bariadi. Simu ikigoma kuwaka, fundi anaichomeka kwenye kompyuta, anaiwekea mfumo upya, mteja anaondoka nayo. Ruta ya intaneti haipati bahati hiyo. Ikianza kusuasua inatupwa kabatini, mwenyewe anaambiwa anunue nyingine. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu mara nyingi kilichozeeka si kifaa bali programu iliyomo ndani yake.

Ruta ni kompyuta ndogo. Kiwanda kikiacha kuitolea masasisho, mianya ya usalama inabaki wazi kwa yeyote. Mwaka 2018 kirusi kilichoitwa VPNFilter kiliingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo.

Dawa moja ni OpenWrt, programu huria isiyouzwa inayowekwa badala ya ile ya kiwandani. Chimbuko lake ni ruta ya Linksys WRT54G. Wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake. Linksys ikautoa mwaka 2003, na Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza.

Kwa mkoa wetu wa Simiyu faida yake ni ya mfukoni. Wengi wetu tunaishi kwa bando, na bando likiisha kabla ya siku zake nyumba nzima inaanza kunyoosheana vidole. OpenWrt ikiongezewa programu ndogo ya nlbwmon inaonyesha kila kifaa kimekula MB ngapi. Mwenye nyumba ya wageni pale Lamadi, au mwalimu wa Maswa anayegawana laini na jirani, hahitaji tena kubahatisha.

Kuna tatizo jingine tumelizoea hadi tunaona ni la kawaida. Mmoja anapakua video, na papo hapo simu ya WhatsApp ya mwenzake inaanza kukatakata. Mara nyingi kinachosumbua si laini kujaa peke yake, bali foleni ya data ndani ya vifaa imekuwa ndefu mno. Dave Täht, Mmarekani aliyefariki 2025, alipigania jambo hili kwa miaka mingi, na majaribio ya kikundi chake yalifanyika kwenye CeroWrt, tawi la OpenWrt. Leo unaweka SQM, programu ya kupanga foleni hiyo, unachagua mbinu yake ya CAKE, unaandika spidi iliyo chini kidogo ya ile unayopata kweli, na mazungumzo yanatulia. Hakuna anayelazimika kuongeza bando.

Ila si kila ruta inafaa. Igeuze usome kibandiko cha chini, jina pamoja na toleo, maana TP-Link TL-WR841N v9 na v14 ni vifaa viwili tofauti. Isitoshe, nyingi za aina hiyo zina hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32 tu, na OpenWrt iliacha kuzihudumia baada ya toleo la 19.07. Tafuta yenye hifadhi ya MB 16 na RAM ya MB 128, kama Archer C7 v2. Ruta uliyoazimwa na kampuni ya simu iache, si mali yako.

Kazi yenyewe ya kuflashi ni ya dakika chache, lakini ndizo dakika za hatari. Tumia kebo badala ya waifai, linganisha namba ya sha256 ya faili ulilopakua na ile iliyo kwenye tovuti ya OpenWrt, kisha hakikisha umeme hautakatika katikati. Kwa mji wetu hilo maana yake ni UPS au inveta ya sola. Ikishawaka, fungua 192.168.1.1. Kwa kawaida utakuta haina nywila na waifai imezimwa, kwa hiyo weka nywila kwanza, chagua nchi TZ, ndipo uwashe waifai.

Ikigoma, usikate tamaa mapema. Ruta nyingi za TP-Link ukizishikilia kitufe cha riseti wakati wa kuziwasha zinatafuta faili la kiwandani kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Liweke tayari kwenye seva ya TFTP, na jina la faili liwe lile hasa linalotakiwa na toleo lako. Fundi anayelijua hili ana huduma ya kuuza mjini Bariadi, na vyuo vya VETA vingefanya vema kuifundisha pamoja na ufundi wa simu.