BÖRJE SALMING: Walimwita Mwoga, Akakaa Miaka 16

Hebu vuta picha. Umepata kazi nje ya nchi, mshahara mnono, kampuni yenye jina. Umefunga mabegi, umeaga nyumbani, umefika. Siku ya pili tu kazini unapokewa kwa matusi na ngumi, kisa eti watu wa kwenu ni waoga. Ungebaki, au ungetafuta tiketi ya kurudi?

Börje Salming alibaki. Na si kwa mwaka mmoja wa kujaribu bahati, jamaa alikaa misimu 16 kwenye timu ileile, Toronto Maple Leafs ya Kanada. Najua wengi wetu hoki ya barafu tunaiona tu tukiwa tunabadilisha chaneli, lakini kisa cha huyu beki kutoka Sweden kinamgusa yeyote aliyewahi kuanza kazi mahali ambapo hakuna aliyemtaka.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Kila timu inaingiza watu sita kwa wakati mmoja, kipa akiwemo. Wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, mkononi fimbo, wanagombea kidude cheusi cha mpira mgumu kinachoitwa paki. Kina uzito wa gramu kama 170 tu, lakini kikipigwa vizuri kinapita kilomita 150 kwa saa. Kugongana mabega kunaruhusiwa. Kupigana ngumi ni kosa, ila ukipigana unakaa nje dakika tano halafu unarudi mchezoni. Ndiyo, umesoma sawasawa, dakika tano!

Mtoto wa mgodini

Salming alizaliwa tarehe 17 Aprili 1951 katika kijiji cha Salmi, karibu na mji wa Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden. Huko katikati ya majira ya baridi zinapita wiki kadhaa jua halichomozi. Baba yake alikuwa Msami, jamii ya wenyeji wa asili wa kaskazini ile, na alifanya kazi kwenye mgodi wa chuma wa Kiruna. Börje akiwa na miaka mitano tu, baba akafa kwa ajali mgodini. Akabaki mama, na kaka mkubwa, Stig, ambaye naye alicheza hoki kama beki na kufika hadi timu ya taifa. Dogo akafuata nyayo za kaka yake mpaka klabu ya Brynäs, mjini Gävle, wakatwaa ubingwa wa Sweden mwaka 1971 na 1972.

Alivyopata kazi ya Toronto ni kichekesho. Mwishoni mwa mwaka 1972 msaka vipaji wa Maple Leafs, Gerry McNamara, alikwenda Sweden kumwangalia kipa. Akajikuta anatazama mechi ya Brynäs dhidi ya timu ya Kanada iliyokuwa ziarani. Salming akapandwa na hasira kwa mwamuzi, akatolewa nje. McNamara hakungoja mechi iishe. Alishuka moja kwa moja hadi vyumba vya kubadilishia nguo, akampa kadi yake na kumuuliza kama angependa kuchezea Toronto. Kijana akasema ndiyo. Yaani kadi nyekundu ya mwamuzi, kwa lugha ya soka, ndiyo iliyomletea kadi ya ajira! Mwaka 1973 akavuka bahari pamoja na mwenzake wa Brynäs, mshambuliaji Inge Hammarström.

"Kuku" kutoka Sweden

Wakati huo ligi ya NHL ilikuwa nyumba ya Wakanada. Msweden wa kwanza kuichezea, Ulf Sterner, alicheza mechi nne tu mwaka 1965, basi. Imani ya wengi ilikuwa kwamba Wasweden wanateleza vizuri, wanapiga pasi tamu, lakini ukiwasukuma kidogo wanakimbia. Wakawabandika jina la kuku. Kwa Waingereza na Wamarekani kuku ndiye mwoga. Sisi huku kazi hiyo tumempa kunguru, tena tukamsifu kwamba ndiye anayekimbiza ubawa wake.

Salming hakukimbiza ubawa. Mechi yake ya pili tu ilikuwa Philadelphia, dhidi ya Flyers, genge lililoogopwa ligi nzima. Hawa walikuwa wanajua kucheza, na wakatwaa Kombe la Stanley mwaka 1974 na 1975, lakini njia yao ilikuwa kukuchosha kwa kipigo kwanza. Miongoni mwao alikuwepo Dave Schultz, ambaye msimu wa 1974-75 aliweka rekodi ya dakika 472 za adhabu. Walimshughulikia Salming kwa fimbo na viwiko usiku kucha, mpaka akashikana mashati na Schultz mwenyewe. Kesho yake hakutafuta tiketi.

Cha kuuma zaidi ni kwamba maneno mengine yalitoka ndani ya nyumba. Tajiri wa Maple Leafs, Harold Ballard, alimkejeli Hammarström hadharani kwamba angeweza kuingia kwenye kona na mayai mfukoni na asivunje hata moja. Bosi wako mwenyewe, mbele ya waandishi! Hammarström baadaye aliondoka Toronto. Salming akabaki, akaendelea kufanya jambo ambalo hakuna mwoga anayelifanya: kujirusha mbele ya paki kwa mwili wake ili lisifike golini.

Aprili 1976 walikutana tena na Flyers kwenye mtoano. Katika mechi ya tatu Mel Bridgman alimpiga Salming vibaya kiasi kwamba serikali ya jimbo la Ontario ilimfungulia Bridgman mashtaka ya jinai. Siku mbili baadaye ilikuwa mechi ya nne, palepale Toronto, tarehe 17 Aprili. Angalia tena tarehe yake ya kuzaliwa hapo juu. Siku aliyotimiza miaka 25, uso ukiwa bado na alama, Salming alipanda na paki kutoka nyuma na kufunga bao. Uwanja ukalipuka. Flyers walishinda mfululizo ule kwa mechi saba, lakini habari za kuku zilianza kufa usiku ule.

Miezi michache baadaye, Septemba 1976, Sweden ilikuja Toronto kwenye mashindano ya Canada Cup. Salming alipotajwa, akiwa amevaa jezi ya nchi yake na si ya Maple Leafs, mashabiki wa Kanada walisimama wakampigia makofi muda mrefu mpaka mwenyewe akawa hajui aangalie wapi. Kwangu mimi hiyo inazidi kombe.

Bila kombe, na bila kuhama

Na kombe hakuwahi kulipata. Maple Leafs walilitwaa mara ya mwisho mwaka 1967, na miaka ya 80 chini ya Ballard timu ilikuwa hoi. Mara mbili, mwaka 1977 na 1980, alimaliza wa pili katika tuzo ya beki bora wa ligi. Hata hivyo aliendelea kuamka na kwenda kazini. Januari 1988 akawa mchezaji wa kwanza aliyekuzwa kihoki Ulaya kufikisha mechi 1,000 za NHL. Pasi zake za mabao kwa Maple Leafs ni 620, na mpaka leo hakuna mchezaji wa klabu hiyo aliyemfikia.

Tusimfanye malaika. Mwaka 1986 alikiri kwenye gazeti kwamba miaka ya nyuma aliwahi kujaribu kokeini, ligi ikamfungia mechi nane. Mwaka huohuo, Novemba, alianguka mbele ya goli kule Detroit na kiatu cha mpinzani kikamkanyaga usoni kwa bahati mbaya. Makali yale yalimpasua kuanzia juu ya jicho hadi karibu na mdomo, akashonwa nyuzi zaidi ya 200. Picha yake ilizunguka dunia. Akarudi uwanjani.

Msimu wa 1989-90 alicheza Detroit Red Wings, kisha akarudi nyumbani kuichezea AIK ya Stockholm hadi 1993. Katikati hapo, akiwa na miaka 40, aliiwakilisha Sweden kwenye Olimpiki ya Albertville ya 1992. Baada ya hapo jina lake likahamia madukani, na wadada, msicheke: chapa ya Salming ilivuma Sweden kwa nguo za ndani za wanaume. Mwaka 1996 akawa Msweden wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la Hoki, Toronto. Mlango aliouegemea kwa bega ulikuwa umeshafunguka wazi. Mats Sundin, Msweden, alikuja kuwa nahodha wa Maple Leafs kuanzia 1997, na Nicklas Lidström, beki wa Detroit, mwaka 2008 akawa nahodha wa kwanza aliyekulia Ulaya kubeba Kombe la Stanley.

Novemba ya mwisho

Agosti 2022 Salming alitangaza kwamba ana ALS. Ni ugonjwa unaoua taratibu mishipa ya fahamu inayoendesha misuli: mkono unagoma, ulimi unagoma, kumeza kunakuwa kazi, mwisho pumzi. Akili mara nyingi inabaki inaona yote. Tiba ya kuuponya haipo. Mtu aliyeishi kwa mwili wake, ndio huo ukaanza kumkataa, na kwa kasi ya kutisha. Ndani ya miezi mitatu alikuwa hawezi tena kuongea.

Watu wengi katika hali hiyo wangejifungia ndani, na nani angewalaumu? Yeye alipanda ndege kwenda Toronto na familia yake. Tarehe 11 Novemba 2022 aliingia kwenye barafu kabla ya mechi, Sundin upande mmoja, na upande mwingine Darryl Sittler, aliyekuwa nahodha wake miaka ya 70. Watu wote wamesimama, wanapiga makofi, hawakai. Salming alitaka kuwapungia, mkono haukupanda. Sittler akaushika mkono wa rafiki yake, akauinua yeye, huku machozi yanamtiririka bila aibu yoyote. Wanaume wawili wazima mbele ya maelfu ya watu! Mkewe, Pia, alikuwa palepale uwanjani, macho hayabanduki kwa mumewe.

Kesho yake, tarehe 12, Maple Leafs walicheza na Vancouver. Kocha alipopanga kikosi cha kuanza aliandika majina sita, kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, wote Wasweden. Salming alikuwa anatazama. Mwaka 1973 kwenye timu hiyohiyo walikuwa wawili, na mmoja bosi wake alikuwa anamtania kwa mayai.

Alirudi Sweden na familia yake. Tarehe 24 Novemba, siku 12 baada ya mechi ile, alifariki akiwa na miaka 71.