Ugonjwa usio na mzoga

Mtoto wa Kimasai hampi mzee mkono. Humsogelea, huinamisha kichwa akangoja, na mzee humwekea kiganja utosini; salamu imekwisha. Kwa hiyo Machi 2020, redio ilipoanza kuwasihi Watanzania waache kupeana mikono, kwa watoto wa Malambo agizo lilikuwa kama limeshatimizwa tangu enzi za mababu. Ila kiganja kinachogusa utosi mmoja hugusa ishirini kabla jua halijachwa, na mzee akitaka kukubariki sawasawa hukutemea mate. Sikuona bango la afya lililothubutu kuligusa hilo.

Malambo ni kata ya tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, upande wa nyanda kavu ambako mtalii wa kreta hafiki. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo ni wingi wa lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Na habari ya virusi katika nchi ya wafugaji huanzia hapo hapo, kwenye tope la lambo.

Mwishoni mwa 2006 mvua za El Niño zilipiga Afrika Mashariki bila huruma. Yako mayai ya mbu wa jamii ya Aedes ambayo hukaa kwenye udongo uliokauka miaka mingi, na baadhi yake yamebeba virusi tangu kwa mama. Maji yakituama, mayai yanaanguliwa. Mbu akimng'ata ng'ombe au kondoo, ugonjwa uliokuwa umelala ardhini unaamka. Unaitwa Homa ya Bonde la Ufa, kwa kuwa virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1930 na 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, ndani ya bonde hilo. Havikuwa vipya basi, ila kwa kijana ambaye hakuwahi kuviona vilikuwa vipya kama asubuhi ya leo.

Januari 2007 ugonjwa ukajitokeza wilaya za kaskazini, Ngorongoro ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo, kisha ukashuka hadi Dodoma na Morogoro. Hakuna aliyehitaji kumhubiria mfugaji kwamba mambo yameharibika. Mbuzi walikuwa wakitupa mimba, si mmoja wala wawili, bali zizi zima ndani ya siku chache. Mfugaji anayeijua mimba ya kila mbuzi wake, na baba wa mimba hiyo, hangoji majibu ya maabara. Nchi nzima walikufa ng'ombe karibu 17,000, mbuzi zaidi ya 20,000 na kondoo zaidi ya 12,000, na watu zaidi ya 100.

Agizo la wataalamu mwaka ule lilikuwa rahisi kulitamka: msiguse kitoto kilichotupwa, msinywe maziwa mabichi, msinywe damu, msichinje mnyama mgonjwa. Kulitii ilikuwa kazi nyingine. Damu ni chakula cha aliyetoka jando na cha mzazi. Figo huliwa mbichi palepale mnyama anapochunwa. Na mbuzi anayezaa kwa shida hutolewa mtoto kwa mkono mtupu, maana glavu zitoke wapi? Mijini kelele zilikuwa za namna nyingine kabisa. Mabucha yalifungwa, majiko ya nyama choma yakapoa, bei ya kuku na samaki ikapaa. Mlaji wa Dodoma aliogopa kipande cha nyama. Mfugaji aliyekuwa huku na kundi lisiloruhusiwa kwenda mnadani alikuwa akiogopa ada ya shule. Virusi hivyohivyo, hofu mbili tofauti, na magazeti yetu, tuseme kweli, yaliandika zaidi ile ya mlaji. Kana kwamba haikutosha, Septemba ya mwaka huohuo Oldoinyo Lengai ikaanza kutema majivu juu ya malisho.

Kumbukumbu ya wafugaji hawa inakwenda mbali kuliko 2007. Sotoka, ambayo Wamasai huiita olodua, iliingia kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, virusi vigeni ambavyo ng'ombe wa huku hawakuwa na kinga navyo. Yaliyofuata, njaa na ndui juu yake, yanaitwa Emutai, maana yake kumalizwa. Msafiri Oscar Baumann wa Austria alipopita Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa katika nchi ya nyama. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaambia hawajui maana ya mlipuko.

Sasa njoo 2020. Tarehe 3 Machi, kabla nchi haijapata hata mgonjwa mmoja, Rais Magufuli na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walisalimiana kwa miguu Ikulu, picha ikazunguka na watu wakacheka. Tarehe 16 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza mgonjwa wa kwanza: abiria aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitoka Ubelgiji. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Ndoo za maji tiririka zikapangwa milangoni, limau na tangawizi zikapanda bei, watu wakajifunika mablanketi kupiga nyungu. Kisha sauti zikagongana. Tarehe 3 Mei, Chato, Rais akasema sampuli za papai, mbuzi na kware zimepelekwa maabara kwa siri na majibu yakaonyesha korona. Siku tano baadaye hesabu ya taifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, haikusogea tena mwaka ule.

Mfugaji akalitazama zizi lake. Hakuna aliyetupa mimba. Hakuna mzoga. Mbuzi pekee aliyetajwa alikuwa yule wa Rais. Ugonjwa ulikuja kama maneno ya redioni, na maneno yenyewe hayakukubaliana. Nani alaumiwe kwa kusema ni homa ya wazungu na watu wa mjini? Kila ugonjwa mgeni hupewa jina la aliyeuleta. UKIMWI ulipoonekana Kagera mwaka 1983 uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Huu wa 2020 ulipata hadi jina la adabu: kufikia mwanzo wa 2021 marehemu wetu walikuwa wamefariki kwa "changamoto ya upumuaji". Februari 17 ya mwaka huo Maalim Seif naye alifariki, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ana korona.

Kilichogusa Ngorongoro kwa mkono wake kilikuwa ukimya wa lango la hifadhi. Watalii walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Mama anayeuza shanga anaielewa tofauti hiyo bila kikokotoo.

Tarafa hiyohiyo ya Sale ina kijiji cha Samunge, alikokuwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi wakanywe kikombe chake cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, kwa sukari, kwa saratani, kwa UKIMWI. Nchi nzima ilikwenda huko, mawaziri wakiwemo, hivyo sidhani aliyekaa Dar es Salaam ana haki ya kumcheka mchungaji wa mbuzi kwa kuamini hiki na kukikataa kile.

Jumatano, 28 Julai 2021, Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, alikunja mkono wa nguo yake Ikulu akachanjwa dhidi ya korona mbele ya kamera. Ijumaa ya wiki ileile, Babu akafariki.